Tuliona ajali moja, tukasimulia mbili

SWALI: Shikamoo mwalimu. Miezi mitatu iliyopita mimi na kaka yangu tulikuwa tumekaa nje jioni, gari dogo likagongana na pikipiki kwenye makutano ya barabara mbele yetu. Polisi walituhoji kila mtu peke yake. Mimi nilisema pikipiki ilikuja kasi ikaingia makutano bila kusimama. Kaka akasema gari ndilo lililokuja kasi, na pikipiki ilikuwa karibu kusimama. Hatuwajui madereva, wala hatujahongwa na mtu. Tangu siku hiyo ananiona mwongo, nami namwona mwongo. Nimesoma mahali kwamba ubongo ndio unaotunga kila tunachokiona, na kwamba kila mtu ana ukweli wake. Ni kweli? Kama ni kweli, mashahidi wanaitwa wa nini? Nyongeza: niliwahi kugongwa na pikipiki nikiwa sekondari, na kaka mwenyewe anaendesha pikipiki. Sijui kama hilo lina uzito.

JIBU: Marahaba, dada. Hilo uliloliweka mwishoni kama nyongeza ndilo nililolisoma mara mbili, na nitalirudia. Kwanza nijibu kwa ufupi, maana mnaishi pamoja na mnahitaji kuanza kusemezana: si lazima yeyote kati yenu awe mwongo. Kwamba ubongo hutunga tunachokiona ni nusu ya kweli. Kwamba kila mtu ana ukweli wake, hapana, hilo silikubali, na utaona kwamba sayansi ileile inayotajwa kulitetea ndiyo inayolikataa.

Badala ya kutunga, ningesema ubongo hukisia. Mtunzi hadaiwi na mtu. Akitaka shujaa wake aruke mto, ataruka. Anayekisia hudaiwa. Akikosea kina cha mto, atalowa.

Tuanze na macho kabla hatujafika barabarani. Simama karibu na kioo, kiasi cha kuziona mboni zako vizuri. Tazama jicho lako la kushoto, hamishia macho kwenye la kulia, kisha rudi. Fanya hivyo mara kumi. Umeyaona macho yako yakisogea? Hutayaona. Utaona jicho moja limetulia, kisha la pili limetulia, basi. Sasa mwombe kaka yako, hata kama mmenuniana, asimame pembeni akutazame. Yeye atayaona yakiruka waziwazi. Macho ya binadamu huruka namna hiyo takriban mara tatu kwa sekunde muda wote tulio macho, na kila yanaporuka ubongo huififisha picha ya kile kitambo, kisha hulifunika pengo usilijue. Kwa hiyo kila siku kuna vipande vingi vya muda ambavyo hukuona kitu cha maana, na hukujua kwamba vimekupita. (Ukijaribu kwa kamera ya mbele ya simu badala ya kioo, huenda ukayaona yakisogea, kwa sababu picha ya simu huchelewa kidogo. Wanafunzi wangu hupenda sana kunikamata na hilo.)

La pili. Nyoosha mkono, inua dole gumba. Upana wa kucha ya gumba hilo ndio, kwa kukadiria, eneo lote unaloliona kwa ukali wa kutosha kusoma. Nje ya hapo picha hupwaya haraka. Huamini? Kaza macho kwenye neno moja la mstari huu na, bila kuyasogeza, jaribu kusoma neno la sita kutoka hapo. Lipo, unaliona lipo, lakini halisomeki. Hata hivyo, muda mfupi uliopita ungeapa kwamba ukurasa mzima uko mbele yako, safi kutoka pembe hadi pembe. Unachokijua ni kwamba popote utakapotazama utakuta maandishi safi. Ahadi hiyo ya kukuta ndiyo unayoihisi kama kuona.

La tatu ni la zamani. Mfaransa Edme Mariotte aliligundua katika miaka ya 1660. Chora msalaba mdogo kwenye karatasi, na sentimita 10 kulia kwake weka kitone cheusi. Funga jicho la kushoto, kaza la kulia kwenye msalaba, kisha isogeze karatasi polepole kutoka urefu wa mkono kuja usoni. Ikifika kama sentimita 35 hivi, kitone hupotea. Hapo kimeangukia mahali ambapo neva ya macho hutokea nyuma ya jicho, na mahali hapo hapana hata chembe moja ya kupokea mwanga. Lakini angalia kinachobaki kitone kikishapotea. Si shimo, wala si weusi. Ni karatasi nyeupe. Rudia jaribio ukiwa umechora mstari unaopita katikati ya kitone, na mara nyingi utauona mstari umeunganika, hauna pengo. Ubongo haukupata habari yoyote kutoka pale. Umetazama majirani ukakisia.

Kwa nini nakusumbua na gumba na vitone wakati umeniuliza habari za ajali? Kwa sababu ugomvi wenu umejengwa juu ya dhana moja ambayo nyote wawili mnakubaliana nayo bila kujua: kwamba jioni ile kila mmoja alikuwa na kamera kichwani, na kamera mbili nzima zikitofautiana, basi mmoja kachezea mkanda. Hakukuwa na kamera. Nyuma ya kila jicho pana chembe zaidi ya milioni 100 za kupokea mwanga, lakini neva inayokwenda kwenye ubongo ina nyuzi kama milioni moja tu. Habari huchujwa kabla hazijatoka jichoni. Kinachofika ni kidogo, kina utata, na kimekwishapitwa na wakati kidogo. Kinachobaki ubongo huongezea kutoka ghala lake, na ghala la kila mtu lina vitu vyake.

Wazo hili si la jana. Mwanasayansi Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu mwaka 965 na kufanya kazi zake kubwa Cairo, alikataa fundisho kwamba macho hutoa miale inayokwenda kukamata vitu. Mwanga ndio unaoingia jichoni, alisema. Wengi humkumbuka kwa hilo tu, na mimi naona wanamdhulumu, kwa sababu la pili ni zito vilevile: alisema mambo mengi tunayodhani tunayaona moja kwa moja, kama ukubwa na umbali wa kitu, kwa kweli tunayahukumu kwa kutegemea tulivyozoea, na hukumu hiyo huwa ya haraka kiasi kwamba hatujijui kama tunahukumu. Zaidi ya miaka 800 baadaye, mwanasayansi Mjerumani Hermann von Helmholtz alifika palepale, akasema kuona ni kufikia hitimisho bila kujijua.

Hukumu hiyo ya haraka unaweza kuiona ikifanya kazi. Mwaka 1995 Edward Adelson wa chuo cha MIT alichora ubao wa drafti ambao sehemu yake imefunikwa na kivuli cha pipa. Kuna mraba mmoja mweusi ulio nje ya kivuli, na mmoja mweupe ulio ndani yake. Kwenye karatasi, wino wa miraba hiyo miwili ni uleule, kijivu kilekile kabisa. Ukitazama, haiwezekani. Mmoja ni mweusi, mwingine mweupe, hakuna mjadala. Chukua karatasi, itoboe matundu mawili, funika picha ibaki miraba hiyo tu, na ghafla inakuwa pacha. Ondoa karatasi, inarudi kuwa mchana na usiku. Nimeitazama picha hiyo mamia ya mara na mpaka leo inanidanganya kama siku ya kwanza. Kujua hakusaidii. Na ubongo haujakosea kijinga: ungekuwa ubao halisi chini ya kivuli halisi, jibu lake lingekuwa sahihi. Umeondoa kivuli kwenye hesabu kama unavyofanya kila siku, ili shati lako jeupe libaki jeupe hata ukiingia chini ya mti.

Sasa ifikirie hali ambapo picha haisemi wazi kama kuna kivuli au hakuna. Mwezi Februari 2015 ilisambaa duniani picha ya gauni moja. Mamilioni ya watu waliliona jeupe lenye mistari ya dhahabu, mamilioni wengine wakaliona la bluu lenye mistari myeusi, na waliokaa kiti kimoja wakitazama simu moja waligombana. Gauni lenyewe, dukani, lilikuwa la bluu na nyeusi. Picha ilipigwa kwenye mwanga wa utata, hivyo ubongo wa kila mtazamaji ulilazimika kuamua wenyewe mwanga ule ni wa aina gani kabla ya kutoa rangi. Aliyedhani gauni liko kivulini, kwenye mwanga wenye ubluu wa mchana, aliutoa ubluu huo na kubaki na nyeupe. Aliyedhani ni mwanga wa manjano wa taa aliutoa umanjano na kubaki na bluu. Mwaka 2017 ulitoka utafiti uliohusisha watu zaidi ya 13,000, na ndani yake kuna jambo lililonifurahisha: wanaoamka mapema, yaani waliokula mchana mwingi maishani mwao, walielekea zaidi kwenye nyeupe na dhahabu kuliko wanaokesha chini ya taa. Hakuna aliyechagua. Maisha yalikwishamchagulia.

Hapo ndipo nyongeza yako inapoingia. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Watu husema hivyo kumtania mwoga, lakini ni maelezo mazuri ya ubongo kuliko mengi ninayoyasoma. Wewe uligongwa na pikipiki. Tangu siku ile, kwenye ghala lako pikipiki si chombo tu, ni kitu kinachokuja kasi bila kusimama. Habari zikija pungufu, ubongo wako utazijazia kwa hilo. Kaka yako naye amekaa juu ya pikipiki akitazama magari yakimjia kutoka pembeni. Kwake hatari ina magurudumu manne. Na kuna methali ya pili inayomhusu yeye zaidi: ukipenda, chongo huita kengeza. Anayeipenda pikipiki ataona tahadhari pale wewe unapoona ubabe. Sisemi ndivyo ilivyokuwa jioni ile. Nasema kila mmoja wenu alikuwa na mzani ulioinama kabla ya kitu chochote kuwekwa juu yake, na kwamba kuinama huko hakuna uhusiano wowote na uongo.

Halafu mwendo wa kitu kinachokujia ni katika mambo magumu kuyakisia. Kitu kidogo kinachokuja huonekana kitafika baadaye kuliko kikubwa kinachokuja kwa mwendo uleule. Ni sababu moja inayofanya madereva waingie barabarani mbele ya pikipiki wakidhani nafasi ipo. Mlio wa injini nao huingia kwenye hesabu: kinachonguruma sana huhisiwa kinakwenda sana. Ukiniambia "ilikuja kasi" nakuelewa, lakini kasi hukuiona. Uliona kitu kinakua machoni, ukasikia mngurumo, ukahitimisha kasi.

Kuna swali ambalo polisi wengi husahau kuuliza: kabla ya kishindo, ulikuwa umetazama wapi? Kumbuka kucha ya gumba. Vyombo viwili vinavyokuja kutoka barabara mbili havienei ndani ya kucha moja. Ama ulikuwa unalitazama gari, ama pikipiki, ama uso wa kaka yako mkiongea. Mwaka 1999 wanasaikolojia Daniel Simons na Christopher Chabris waliwaonyesha watu video ya vijana wanaopasiana mpira, wakawaambia wahesabu pasi za timu moja. Katikati ya mchezo mtu aliyevaa ngozi ya gorila anaingia na kupita zake. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona, na walipoonyeshwa tena baadhi yao walishuku kwamba video imebadilishwa. Hawakuwa vipofu wala wazembe. Walikuwa wanahesabu. Kinachoshangaza si kwamba hawakumwona, kwa maana umakini una mipaka. Kinachoshangaza ni jinsi walivyokuwa na hakika kwamba wangemwona.

Na mara nyingi hata hatutazami. Mtu anasikia kishindo, anageuka, anakuta gari limekaa upande na pikipiki iko chini. Yote hayo huchukua sekunde moja. Siku mbili baadaye anakikumbuka kishindo chenyewe kwa macho: aliliona gari likija, akaona linavyogonga. Mwanzo wa hadithi umejengwa kutoka kwenye mwisho wake. Ukimwambia hakuona, ataudhika, na ana haki ya kuudhika, kwa sababu ile picha anayo kichwani, ina rangi na ina mwendo.

Kumbukumbu huendelea kuchezewa hata baada ya tukio. Hili linagusa shauri lako moja kwa moja, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu. Mwaka 1974 wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer, huko Marekani, waliwaonyesha wanafunzi filamu fupi za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa na mwendo gani. Swali lilikuwa moja, kitenzi tu ndicho kilichobadilishwa. Walioulizwa magari "yalipogusana" walikadiria wastani wa chini kidogo ya maili 32 kwa saa. Walioulizwa "yalipopondana" walikadiria karibu maili 41. Filamu zilezile. Kisha wakafanya jaribio la pili kwa wanafunzi 150, na safari hii baada ya wiki moja wakauliza: mliona vioo vilivyovunjika? Kwenye filamu hapakuwa na kioo kilichovunjika. Katika wanafunzi 50 walioulizwa kwa neno la kupondana, 16 waliviona. Katika 50 walioulizwa kwa neno la kawaida la kugongana, 7. Neno moja liliingia kwenye kumbukumbu na kuvunja vioo. Sasa jiulize ninyi wawili mmeyasimulia makutano yale mara ngapi ndani ya miezi mitatu, kwa hasira, kila mmoja akichagua kitenzi kinachomfaa. Kila usimulizi ni koti jipya la rangi. Huenda unachokikumbuka leo ni usimulizi wako wa mwezi uliopita.

Na hakika yako, samahani, si kipimo. Hakika hupanda kwa kurudia jambo, kwa kukubaliwa na watu, hata kwa kukasirika. Kauli ya dakika ya kwanza, kabla hujaongea na mtu, ndiyo inayobeba uzito mkubwa zaidi. Hii ya mwezi wa tatu ina ukali mwingi zaidi na thamani ndogo zaidi.

Basi na tuje kwenye hili la kila mtu na ukweli wake. Kiswahili kina maneno mawili ambayo wengi huyachanganya, nami nayashukuru kwa kuwa mawili. Mazigazi ni yale maji yanayometameta mbali juu ya barabara yenye joto. Hayo si kosa la macho. Hewa ya moto hupinda mwanga wa anga ukaja jichoni kutoka chini, na ukipiga picha yatatokea kwenye picha. Mwanga ni wa kweli, hitimisho la "maji" ndilo la uongo. Kiinimacho ni jambo jingine, ni pale mwanga unapokuwa vilevile na ubongo ukatoa kitu tofauti, kama kwenye ubao wa drafti. Lakini yote mawili yana kitu kimoja: tunayajua. Tumejuaje? Tulikwenda pale tukakuta pakavu. Tulitoboa karatasi. Tuliweka rula. Mtu anayekuletea viinimacho kama ushahidi kwamba hakuna ukweli anasahau kwamba bila rula asingejua kuwa ni viinimacho. Huwezi kukosea njia mahali pasipo na njia. Mwanachuoni Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitoa mfano wa nyota: jicho huiona ndogo kama dinari, na hesabu za jiometri zinaonyesha ni kubwa kuliko dunia. Mfano huo ulimtia shaka kubwa kuhusu hisi, na alikuwa na haki. Ila mimi nautazama pia upande wa pili. Hesabu zilipatikana. Viumbe wenye macho yanayodanganywa na nyota waliweza kuipima.

Ubongo nao hupimwa na dunia na kusahihishwa. Mwaka 1896 na 1897 mwanasaikolojia Mmarekani George Stratton alivaa lenzi iliyopindua picha juu chini. Mara ya pili alikaa hivyo kwa siku 8, akifunikwa macho kila alipovua. Mwanzoni alikuwa akinyoosha mkono mahali pasipo na kitu, akijikwaa, na kichefuchefu hakikuwa mbali. Siku zilivyokwenda alitembea na kushika vitu bila shida. Kilichomfundisha ni milango aliyojigonga. Mfano mwingine ni wa swali ambalo William Molyneux alimwandikia mwanafalsafa John Locke mwaka 1688: kipofu wa kuzaliwa anayeujua mchemraba na tufe kwa kupapasa, akipata macho, ataweza kuvitofautisha kwa kutazama tu? Jibu la kisayansi lilitolewa mwaka 2011, kutokana na watoto watano nchini India, wa umri wa miaka 8 hadi 17, waliofanyiwa upasuaji wa macho. Mwanzoni hawakuweza kulinganisha walichokishika na walichokiona. Waliopimwa tena baada ya siku chache walikuwa wameboreka sana. Mkono uliyafundisha macho, na ungewezaje kuyafundisha kama kila hisi ingekuwa na dunia yake?

Wanyama, ambao hutajwa sana kwenye mjadala huu, sitakaa nao muda mrefu. Nyuki huona mwanga wa urujuani uliopitiliza, ambao sisi hatuuoni. Mbwa ana aina mbili za chembe za rangi badala ya tatu zetu. Mwanabiolojia Jakob von Uexküll alieleza kwamba dunia ya kupe ni harufu ya ngozi ya mnyama na joto la damu, na si mengi zaidi. Ni kweli na inapendeza. Lakini shimo likiwa njiani, mbwa na mtu wote wawili watatumbukia, kila mmoja na rangi zake.

Kuna mahali pamoja tu ambapo nakubali kwamba mtazamo hujenga ukweli, na ninyi mnaishi ndani yake. Ukimwona kaka yako mwongo, unamjibu kama mwongo. Akijibiwa hivyo, anakuficha mambo. Akikuficha, umepata ushahidi. Ukweli huo mmeujenga kwa macho yenu, na kesho mnaweza kuubomoa. Ajali si hivyo. Pikipiki ilikuwa na mwendo wake, gari mwendo wake, na hata kama wewe na kaka mngekuwa mmelala ingekuwa hivyohivyo.

Mashahidi wanaitwa wa nini basi? Kwa sababu makosa ya watu wawili waliokaa mahali tofauti, wenye historia tofauti, hayafanani, na pale wanapokubaliana bila kusikilizana pana kitu. Juu ya hapo kuna alama za breki kwenye lami, bati lilivyobonyea, na umbali kutoka mahali pa mgongano hadi vilipoishia vyombo. Hivyo havikuwahi kugongwa na pikipiki utotoni. Tena nikwambie jambo ambalo huenda likakuliwaza: kutofautiana kwenu ndiko kunakonifanya niamini hamkupanga. Wanaonitia shaka ni mashahidi wawili wanaosimulia jambo neno kwa neno; hao kwa kawaida ni shahidi mmoja aliyekopiwa.

Jambo la mwisho la kufanya linahusu neno kuona lenyewe. Sisi tunasema naona mti, naona baridi, naona haya, na naona gari ndilo lenye kosa, kwa kitenzi hichohicho. Askari akikuuliza "uliona nini?" humpa yote kwenye kapu moja. Chukueni karatasi, kila mtu na yake, bila kuonyeshana. Upande mmoja andika kilichokuja kupitia macho na masikio: kitu gani, upande gani, mlio gani, kabla au baada ya kishindo. Upande wa pili andika ulichohitimisha. Neno "kasi" liende upande wa pili, pamoja na "bila kusimama" kama hukuona gurudumu. Nadhani karatasi ya kwanza itakuwa fupi kuliko mnavyotarajia, nyote wawili. Mkigundua kwamba mmoja wenu aligeuka baada ya kishindo, arudi akatoe maelezo ya nyongeza. Ni afadhali kuonekana hukumbuki kuliko mtu kuhukumiwa kwa kitu ambacho hukukiona.

Kisha toeni viti nje jioni, muviweke palepale mlipokuwa mmekaa, ila mbadilishane. Wewe kaa kwenye kiti cha kaka, yeye akae kwenye chako, na kila mmoja aseme kwa sauti ni barabara ipi kati ya zile mbili anaiona mpaka mwisho, na ipi imezibwa.